Daftari la Jikoni, Upper Marlboro

Upper Marlboro ni mji mdogo wa Marekani ambao watu wengi huufahamu kwa shida zao. Mahakama ya kaunti iko pale, na ofisi za kaunti, na mawakili waliojipanga katika nyumba za zamani zenye vibaraza. Watu huja asubuhi kushtaki, kushtakiwa, kuoana na kuachana, wanakula mkate wenye nyama ndani ya gari, halafu wanarudi makwao. Saa kumi na moja jioni barabara kuu haina mtu. Wanaolala pale ni wachache, na mmoja wao alikuwa mama wa miaka themanini na saba niliyemtunza siku tano kwa wiki.

Nilikuwa natoka Takoma Park, treni mbili na basi moja, ili saa mbili asubuhi niwe nimeshafungua mlango wake. Alikuwa Mmarekani mweusi, mjane, mpishi mstaafu wa shule, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Binti yake alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, maana ndivyo wafanyavyo huku. Sikuweza. Mtu aliyenizidi miaka arobaini nimwite kama rafiki tuliyecheza naye rede? Nikawa namwita Mama, kwa Kiswahili, na yeye akakubali. Mimi aliniita "wewe msichana", ingawa mwanangu wa kwanza amemaliza chuo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi hii, nieleze jambo moja, kwa sababu mambo yote yaliyotokea yalipita hapo. Katika kila nyumba ya mgonjwa kuna daftari. Linakaa jikoni, na mtunzaji anaandika kila kitu: amekula nini, amekunywa dawa saa ngapi, amekwenda choo, ameamka na hali gani. Hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika sahihisho na kutia saini. Daftari ndilo linalokutetea siku mgonjwa akianguka, na ndilo linalokushtaki.

Wiki yangu ya pili, binti yake alinifuata nje nilipokuwa natupa taka. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye haraka. Anaishi Manassas, ng'ambo ya Virginia.

"Andika na anayoyasema," aliniambia. "Yale yasiyoeleweka. Atakuja muuguzi kumpima. Kama akili imeanza kumtoka, hawezi kuendelea kulala peke yake humu. Kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwangu."

"Yeye anajua?"

"Usimwambie. Atajikaza tu."

Basi nikajua kilichokuwa kinasubiri. Mama alikuwa akisema mara kwa mara kwamba atatoka katika nyumba ile akiwa amelazwa, wala si akiwa ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari la mtu. Na mimi nilikuwa nimepewa kalamu.

Toka siku hiyo nikaanza kumtilia shaka binti. Alikuja Jumatano moja na mwanamume mwenye kipimo cha kamba, wakapima madirisha yote bila kusema kitu. Alipiga picha ngazi. Alifungua kabati la vyombo, akalifunga. Nilimsimulia mwenzangu anayeshika zamu ya Jumamosi na Jumapili, Mkenya wa kutoka Kisii, mtunzaji wa miaka mingi. Tulikuwa tunazungumza kwa simu kila Ijumaa nikiwa nasubiri basi.

"Anauza nyumba huyo," aliniambia. "Aki mimi hii sinema nimeiona mara tatu. Nani huleta fundi kupima madirisha kwa nyumba ya mamake? Mapazia yako sawa. Nimeyafua mimi mwenyewe."

"Labda ni baridi."

"Baridi! Wewe dada, nyinyi Watanzania na huo upole wenu mtauzwa pamoja na viti."

"Sasa nifanyeje?"

"Andika. Kila kitu. Hapa kitu hakijaandikwa, hakijafanyika. Mama akianguka, utaulizwa wewe, si binti yake."

Nikaandika. Na Mama alikuwa na mengi ya kuandikwa. Kila asubuhi alikaa dirishani na chai yake, akitazama maegesho ya magari ya ofisi za kaunti na kijito kinachopita nyuma yake. Kijito chenyewe mbuzi angekiruka. Kina matope ya rangi ya kahawia na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye vichaka.

"Meli zilikuwa zinafika pale," alisema siku moja, akionyesha kwa uma.

"Ndiyo, Mama."

"Meli za ng'ambo. Kutoka Uingereza. Unafikiri kwa nini mji una jina la mkubwa wa Kiingereza? Walikuwa wanakuja kuchukua tumbaku."

"Ndiyo, Mama."

Nikaenda jikoni nikaandika: *Saa nne. Anasema meli zinafika nyuma ya maegesho.*

Siku nyingine ilikuwa mapipa. Barabara inayoshuka kutoka vilimani, alisema, ilikuwa ya kuviringishia mapipa ya tumbaku, kila pipa linamfika mtu kifuani, na wanaume waliyasukuma maili nyingi hadi majini. *Anaona mapipa barabarani.* Na siku moja, akiwa ameshusha sauti kama anayesema jambo la ndani ya nyumba, aliniambia kwamba babu wa babu yake aliteremshwa kutoka katika meli pale pale, akiwa mtoto, na kwamba bibi yake ndiye aliyemhadithia, naye bibi aliambiwa na nani na nani. *Anachanganya nyakati.*

Lazima nieleze hiyo "ndiyo" yangu. Nilizaliwa Urambo, na kwetu mkubwa akisema jua limechomoza magharibi, unamgeuzia kiti aangalie huko. Humbishii. Hiyo "ndiyo" haihesabiwi kuwa uongo. Ni kama kumpisha mtu njiani. Kila mtu anaelewa kwamba hujakubali wala hujakataa, umemheshimu tu. Nilikuja Marekani na "ndiyo" yangu, na sikufikiri kwamba ikikutana na daftari itakuwa kitu kingine. Kwetu nisingekuwa na mahali pa kuandika "hapana" yangu. Huku nilipewa ukurasa mzima.

Pamoja na meli, niliandika mengine, kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule. Aliacha jiko la gesi likiwaka mara mbili, mara ya pili sufuria ikawa nyeusi. Alitoka kuchukua barua mwezi wa pili, kwenye baridi kali, akiwa na soksi tu miguuni. Mara moja aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Naye alikuwa ananishuku mimi. Alihamisha sukari kutoka kabatini na kuificha chumbani kwake. Nilipokuwa natandika kitanda, alisimama mlangoni na ile fremu ya chuma anayoishika akitembea, akihesabu mito.

"Unamwandikia nani?" aliniuliza siku moja.

"Kampuni, Mama."

"Kampuni hiyo inaishi Manassas?"

Nikageuka kuosha vikombe. Alitikisa kichwa kama aliyepata jibu, akanywa chai yake bila sukari ili asiniambie ilipo.

Mwezi wa nne nilihitaji nakala ya cheti cha ndoa kwa ajili ya makaratasi ya mume wangu. Tulifungia ndoa kaunti ile ile, kwa hiyo nilipanda basi la mapema nikaingia jengo la mahakama kabla ya zamu. Nilichukua namba, nikaketi kwenye ukumbi. Ukutani kulikuwa na ramani ya zamani ndani ya fremu. Nilikuwa na dakika arobaini na hapakuwa na kingine cha kusoma, basi nikasimama nikaisoma.

Kwanza sikuelewa ninachokiona, kwa sababu maji yalikuwa mengi mno. Kulikuwa na mahakama ndogo, nyumba chache, kanisa, na ubavuni mwa mji mkono wa mto, mpana, unaoshuka kuungana na Mto Patuxent ambao unakwenda baharini. Ukingoni mtu alikuwa amechora vimashua na kuandika kwa mwandiko wa kujikunja: gati. Nilitafuta barabara kuu, nikaipata. Nikatafuta mahali ilipo nyumba ya Mama. Gati lilikuwa pale, nyuma ya maegesho.

Niliketi. Namba yangu iliitwa, nikaiacha ikapita.

Baba yangu alilima tumbaku Urambo. Nimelala na harufu ya bani, lile banda la kukaushia majani, mpaka ikaingia katika nguo zangu za shule. Tumbaku inataka shamba jipya. Unakata miti, unalima miaka michache, udongo unachoka, unasogea mbele unakata tena. Mvua zikija hakuna kitu cha kuushika ule udongo. Karibu na shamba letu kulikuwa na mto ambao nilipoanza shule tulikatazwa kuogelea kwa sababu ya kina. Nilipomaliza darasa la saba tulikuwa tunauvuka na viatu. Wazee walisema mto umehama. Mto haukuhama, udongo wa mashamba yetu ndio ulihamia mtoni.

Na mimi, katika watunzaji wote wa kaunti ile, nilipita kila asubuhi kwenye basi nikitazama mabanda ya mbao yaliyosimama mashambani, yenye nafasi kati ya ubao na ubao ili upepo upite, nikijua kabisa ni mabanda ya tumbaku, nikajisemea tu kwamba wao hukausha kwa upepo, sisi kwa moto. Halafu nikaingia ndani na kuandika kwamba mwanamke aliyenieleza habari hiyo amechanganyikiwa.

Siku hiyo hiyo nilimpigia mwenzangu.

"Nichane kurasa?"

"Usiguse! Ukichana ukurasa umeiba. Piga mstari, andika chini, weka saini."

"Muuguzi anakuja kesho kutwa. Nakala za kurasa zimeshatumwa kwa kampuni."

"Basi utaongea kwa mdomo," alisema. "Pole, dada."

Nilipiga mistari yangu. Sikumwambia Mama. Ningependa kusema nilikosa nafasi, lakini nilikuwa naye kwa saa nane kila siku.

Muuguzi wa tathmini alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Tuliketi wanne kwenye meza ya jikoni: yeye, Mama, binti na mimi. Alimuuliza Mama leo ni siku gani, wako kaunti gani, arudie maneno matatu baada ya dakika tano. Mama alijibu vizuri, isipokuwa neno la tatu, ambalo alisema halikuwa na maana hata mwanzoni. Kisha muuguzi akafungua faili na kuanza kusoma nilichoandika. Alisoma kwa sauti, bila ubaya, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Meli nyuma ya maegesho. Mapipa barabarani. Meli tena. Mtoto aliyeshushwa melini.

Mama hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi.

"Uliniambia ndiyo," alisema.

Nimewahi kutukanwa katika kazi hii, na kutemewa chakula. Hakuna kilichonifika kama maneno yale, kwa sababu aliyasema polepole, kama mtu aliyekuta sukari yake yote imekwisha na anajua nani amekula.

Nilianza kusema. Niliwaambia kuhusu ramani, na kwamba wanaweza kwenda kuiona, ni mwendo wa dakika kumi. Niliwaeleza habari ya tumbaku na udongo, na mto wa kwetu. Kiingereza changu kikiwa na haraka kinajikwaa, lakini nilikwenda mpaka mwisho. Nikasema kwamba Mama hakuwa amechanganya kitu. Mimi ndiye niliyeandika habari ya kweli kama ugonjwa.

Binti aliweka mikono mezani. "Hii ni ajabu," alisema. "Wiki zote hizi ni meli, meli, na leo, siku ya tathmini, meli ni za kweli. Nani amekuambia useme hivi?"

"Hakuna."

"Alikuomba?"

"Mimi siombi," Mama alisema. "Na wewe nilikuhadithia ukiwa na miaka sita. Ulikuwa unataka kuangalia televisheni."

Muuguzi aliandika kitu. Kisha akavua miwani. "Na jiko?" aliniuliza. "Sufuria iliyoungua. Hiyo nayo ni historia?"

Mama alijibu kabla yangu. "Ni yeye aliyeliacha. Alikuwa na simu sikioni."

Walinigeukia wote. Nilijua nikisema ndiyo, nitakuwa nimemlipa Mama kwa yote, na pengine atabaki katika nyumba yake bila neno. Nilijua pia kwamba siku hiyo sikuwa na simu sikioni, na kwamba usiku analala peke yake na jiko lile.

"Hapana, Mama," nilisema. "Ni wewe. Mara mbili."

Sikuwahi kumwambia hapana mtu wa umri ule maishani mwangu, hata bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa anasema uongo mwingi. Muuguzi alivaa miwani yake na kuandika kwa muda mrefu.

Nje, binti alinisubiri karibu na gari lake. Nilidhani atanifukuza. "Madirisha yanapitisha baridi," alisema, bila mimi kuuliza. "Nilitaka kumwekea mapya kabla ya majira ya baridi. Nimeona jinsi mnavyonitazama, wewe na mwenzako." Akaingia garini. Nilisimama pale nikijiuliza kama ni kweli. Niliangalia madirisha; ni kweli yalikuwa ya zamani. Hadi leo hayajabadilishwa, na hadi leo nyumba haijauzwa, kwa hiyo sijui.

Barua ya matokeo ya tathmini ilikuja baada ya wiki mbili. Mama anaweza kubaki. Gesi ikatwe, awekewe jiko la umeme linalojizima lenyewe, na mtu aje kumwona saa mbili usiku. Atapimwa tena majira ya kupukutika majani. Nilimsomea, akaniomba barua aisome mwenyewe, kisha akaikunja mara nne na kuitia ndani ya kitabu cha nyimbo.

Nilitegemea angefurahi. Kwa siku nane alizungumza nami kuhusu chai na maji ya kuoga tu. Alikaa dirishani akitazama kijito. Nilielewa. Mtu anayejua kwamba kila neno lake linaweza kwenda Manassas atampa nani maneno yake? Siku ya tisa nilichukua daftari jikoni, nikaliweka juu ya mapaja yake na miwani yake juu.

"Soma," nilisema. "Kila jioni kabla sijaondoka, utasoma. Palipo na uongo, sema."

Alisoma nusu saa. Alifika kwenye meli, akaona mistari niliyoipiga na saini zangu. Alisema mwandiko wangu ni wa daktari mlevi.

Kesho yake, saa nne, akiwa na chai mkononi, alisema bila kunigeukia, "Walipochimba kulaza mabomba pale nyuma, nikiwa msichana, walitoa mbao kubwa nyeusi. Za gati. Bibi yangu alikwenda kuzitazama." Akanywa. "Unaamini?"

"Sijui, Mama," nilisema. "Wapi hasa?"

Aligeuka akanitazama. "Niletee koti."

Kuvuka maegesho kulituchukua zaidi ya dakika ishirini. Madereva walisubiri, mmoja alipiga honi, na Mama akamsimamia mbele makusudi. Tulifika kwenye ukingo wenye chuma cha kuzuia magari. Chini yake kulikuwa na matope, chupa, na maji yasiyofika kwenye kifundo cha mguu. Alinyanyua fremu yake akaonyesha kwa mguu wa fremu wenye mpira.

"Hapo."

Niliinama. Nilitazama kwa bidii, kwa sababu nilitaka sana kuziona.

"Sioni kitu, Mama."

"Hujaanza leo kutoona," alisema, na tukasimama pale mpaka magoti yake yalipokataa.

Nyumbani nilimvua viatu, nikaandika, nikampelekea. *Saa tano. Tumetembea hadi kijitoni. Anasema palichimbuliwa mbao za gati. Sikuziona. Sijauliza watu wengine.*

Alisoma huku kidole kikifuata mstari. Alirudi nyuma akasoma tena sentensi ya mwisho.

"Ongeza 'bado'," alisema.

Nikaongeza.